Bei ya mnada si malipo ya mkulima: tunavyozisoma vibaya pesa za filamu za mapenzi

Tangu filamu ya Kihindi ya Saiyaara itoke Julai 18, 2025, kuna namba moja imezunguka sana kwenye simu za watu huku Mtwara. Ni 500. Nimeikuta kwenye makundi ya WhatsApp ya wapenzi wa muvi za Kihindi, nimeisikia kijiweni Chikongola, na kila inapopita mikononi mwa mtu inaongezewa uzito. Wengi wameipokea kama dola milioni 500. Sivyo. Zilizotangazwa ni zaidi ya crore 500 za rupia, na crore moja katika hesabu ya Wahindi ni milioni 10. Kwa hiyo tunazungumzia rupia bilioni 5 na kitu, ambazo kwa dola ni milioni 60 hivi. Bado ni pesa nyingi mno kwa filamu ya mapenzi iliyobebwa na vijana wawili, Ahaan Panday na Aneet Padda, ambao kabla ya hapo si wengi waliowajua hata huko kwao. Lakini kati ya 60 na 500 pana umbali, na juu ya umbali huo watu wamejenga hoja nzito zisizo na msingi.

Hoja zenyewe ni mbili. Ya kwanza inasema: kumbe mapenzi yanauza dunia nzima, basi watengeneza filamu wetu ni wavivu tu, maana nao kila siku wanatengeneza za mapenzi na hawaoni mafanikio. Ya pili inatugeukia sisi wenyewe: dunia imelipa kuiona, ila watu wa Kusini hawalipii filamu, ndiyo maana hakuna mfanyabiashara anayethubutu kujenga ukumbi wa sinema Mtwara wala Lindi. Nasema hoja zote mbili zimeisoma namba vibaya. Kinachoniuma ni kwamba, kama kuna watu Tanzania hii waliopaswa kuisoma sawasawa, ni watu wa mikoa hii miwili. Mkulima wa korosho wa Tandahimba au Nachingwea hahitaji kufundishwa tofauti ya bei ya mnada na pesa inayoingia kwenye akaunti yake. Anajua pia kwamba korosho iliyopita kwa kangomba, ile ya kumuuzia mchuuzi mapema kwa kipimo cha kopo na kwa bei ya kutupa, haimo kwenye vitabu vya mnada, ingawa ilivunwa, ikauzwa, ikaliwa. Mapato ya filamu yanayotangazwa kimataifa ni bei ya mnadani. Hayakuambii mwenye mali ameondoka na nini, wala hayakuambii ni watu wangapi wameiona kazi hiyo ikawatoa machozi.

Tuanze na makato. Tangu stakabadhi ghalani, yaani mkulima kupeleka mazao ghalani kupitia chama chake cha ushirika ili yauzwe kwa mnada, ianze kutumika kwenye korosho msimu wa 2007/08, swali ambalo halijaisha vijijini ni lile lile: mbona redio imetangaza bei hii, nami nimelipwa ile? Msimu wa 2024/25 minada ilipofunguliwa Oktoba, bei ya juu ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Hata hivyo, mwenye akili zake hakwenda kuulizia bei ya mabati kwa kuzidisha kilo zake mara bei ile, bila kwanza kutoa cha chama cha msingi, cha chama kikuu, cha ghala na cha usafirishaji. Kwenye filamu makato ni makali zaidi. Wakati Saiyaara inatoka, tiketi ya zaidi ya rupia 100 nchini India ilitozwa kodi ya asilimia 18. Inayobaki wanagawana mwenye ukumbi na msambazaji. Kwa makubaliano yaliyofikiwa mwaka 2009, baada ya watayarishaji kugoma kupeleka filamu kwenye kumbi za kisasa, msambazaji huchukua asilimia 50 wiki ya kwanza, 42.5 wiki ya pili, 37.5 ya tatu, na 30 kuanzia hapo. Hapo bado matangazo hayajalipwa. Marekani, kwa wastani, kampuni ya filamu hubakiwa na nusu hivi ya tiketi. Nchi nyingi nyingine humwachia pungufu. Na China, kwa filamu za kigeni zinazoingia kwa utaratibu wa kugawana mapato, mwenye filamu hupata asilimia 25 tu. Dola milioni 100 za Beijing na dola milioni 100 za Los Angeles zinaandikwa sawa kwenye orodha wanayoirusha watu mitandaoni. Ya kwanza inamwachia mwenye filamu milioni 25, ya pili inamwachia 50.

Filamu ya mapenzi ina tabia yake, na tabia hiyo inaifanya hesabu iwe ngumu zaidi. Filamu ya mapigano watu huikimbilia siku tatu za mwanzo, kama mechi ya Simba na Yanga. Ya mapenzi hutembea kwa mdomo: dada kamsimulia dada, mke kamburuta mume, mtu kalia Ijumaa na wiki inayofuata karudi na rafiki yake ili amwone naye akilia. Titanic ya James Cameron ilitoka Marekani Desemba 19, 1997, ikapata dola milioni 28.6 siku tatu za kwanza. Kwa filamu iliyogharimu dola milioni 200, hata kampuni mbili zikalazimika kubebana gharama, huo haukuwa mwanzo wa kutamba nao. Ikakaa nafasi ya kwanza wiki 15 mfululizo. Mzunguko wake wa kwanza uliishia zaidi ya dola bilioni 1.8, na theluthi mbili ya pesa hizo zilitoka nje ya Marekani na Kanada. Iliporudishwa kwenye kumbi kwa 3D mwaka 2012, China peke yake ilitoa zaidi ya mara mbili ya walichotoa Wamarekani na Wakanada kwa pamoja. Uhai wa filamu ya mapenzi, basi, uko kwenye wiki ya tano, ya nane, ya kumi. Sasa rudi kwenye ule mgawanyo wa India: ikifika wiki ya nne tayari mwenye ukumbi anachukua asilimia 70. Filamu mbili zinaweza kuandikwa crore 500 kila moja, moja ikiwa imezipata ndani ya wiki mbili na nyingine kwa wiki nane za watu kuambizana, na msambazaji wa ile ya wiki nane akaondoka na pungufu ya mamia ya mamilioni ya rupia. Iliyopendwa kwa muda mrefu ndiyo iliyokatwa zaidi. Anayekuambia "imeingiza kadhaa" na kunyamaza hapo, hajakuambia kitu kuhusu mfuko wa aliyeitengeneza.

Na pesa si watu. Gone with the Wind ya mwaka 1939, filamu ya mapenzi katikati ya vita, haijafikisha hata robo ya dola za Titanic ukijumlisha miaka yake yote, lakini inakadiriwa kuuza tiketi milioni 200 hivi Marekani, kuliko filamu nyingine yoyote. Tiketi enzi hizo zilikuwa za senti. Awara ya Raj Kapoor ya mwaka 1951 ilipoonyeshwa Umoja wa Kisovieti mwaka 1954 iliuza tiketi karibu milioni 64, na Wasovieti hawakuwa na desturi ya kumgawia mwenye filamu ya kigeni fungu la kila tiketi. Huku kwetu kuna wazee Lindi na Mikindani ambao ukiwaanzishia wimbo wa Awara wanaumalizia, na maneno ya Kihindi hawayajui. Wazee hao hawamo kwenye hesabu yoyote.

Neno lenyewe "kimataifa" nalo lichunguzwe, maana limewachanganya wengi. Mtu akisikia Saiyaara imeuza nje ya India anamfikiria Mjerumani na Mbrazili wakipanga foleni. Zaidi ya robo ya mapato ya filamu hiyo kweli ilitoka nje ya India. Lakini kwa filamu za Kihindi, nje maana yake kwanza ni nchi za Ghuba, Marekani na Kanada, Uingereza na Australia, yaani kule walikohamia Wahindi na jirani zao wa Asia Kusini. Ni watu waliokwenda na lugha yao, nyimbo zao na namna yao ya kulia. Chukua na mfano wa pili, wa Wamarekani safari hii. It Ends With Us ilitoka Agosti 2024 kwa bajeti ya dola milioni 25, ikaingiza takribani dola milioni 350, zaidi ya nusu yake nje ya Marekani. Watu wakasema mapenzi hayana mipaka. Labda, lakini filamu ile imetokana na riwaya ya Colleen Hoover ya mwaka 2016, ambayo ilikuwa imeshatafsiriwa kwa lugha nyingi na kusomwa na mamilioni ya wanawake kabla kamera haijawashwa. Ilipofika kwenye nchi za watu ilikuta wenyeji wake wanaisubiri. Filamu zote mbili zilivuka bahari kwa sababu ng'ambo palikuwa na wa kuzipokea, na huko kupokelewa kuliandaliwa miaka mingi na kazi nyingine kabisa, ya uhamaji kwa moja na ya vitabu kwa nyingine.

Wapo wanaoitetea namba, na hoja yao nzuri lazima nisiipite. Wanasema mapato ya milangoni ndiyo kura ya kweli. Kupenda picha mtandaoni ni bure, kusifia ni bure, hata kulia ni bure. Lakini mtu akitoa pesa mfukoni, akapanda daladala, akakaa gizani saa mbili na nusu, huyo amepiga kura. Nakubaliana nao. Sijaona kipimo kingine cha filamu kinachomdai mtazamaji kitu kabla ya kumhesabu. Tatizo langu ni kwamba kura inahitaji kituo cha kupigia. Mtwara hakuna ukumbi wa sinema unaoonyesha filamu mpya wiki inayotoka duniani, na Lindi hivyo hivyo. Anayetaka kupiga kura hiyo halali asafiri kilomita zaidi ya 550 kutoka hapa mpaka Dar es Salaam, ambako nauli ya kwenda na kurudi peke yake ni mara kadhaa ya bei ya tiketi. Huwezi kuninyima kituo halafu ukasoma matokeo na kusema sikutaka kupiga kura.

Kura tunapiga, ila mahali pengine. Jioni moja nilikaa kwenye kibanda umiza kimoja Magomeni, hapa mjini. Kuta za mabati, turubai jeusi dirishani, mabenchi ya mbao za mnazi, televisheni ya inchi 43 ndani ya kizimba cha nondo, na spika mbili zinazotetemesha mabati pale muziki unapopanda. Kiingilio shilingi 500. Ilikuwa muvi ya Kihindi ya mapenzi, imetafsiriwa, na sauti ya mtafsiri ilikuwa juu ya sauti za waigizaji, akimpa binti wa Mumbai maneno ya binti wa Kariakoo. Aliingia mama mmoja na beseni lake la samaki likiwa tupu, akalifunika chini, akalikalia kwa kuwa mabenchi yalikuwa yamejaa. Kijana wa kwenye muvi alipomkosa mchumba wake stesheni, yule mama alijifuta uso kwa ncha ya kanga, na wanaume waliokuwa wanapiga kelele nyuma wakanyamaza wote. Mlangoni, mwenye kibanda alikuwa na daftari la mistari na kalamu ya buluu. Kila anayelipa anachorewa kijiti. Vikifika vinne, cha tano kinavikata katikati. Usiku ule vilikuwa 61. Hiyo ndiyo rekodi pekee ya mapato ya milangoni niliyowahi kuiona kwa macho yangu katika mkoa huu, na haiendi popote.

Kwa hiyo ile kauli kwamba watu wa Kusini hawalipii, wamezoea vya bure, ndiyo hoja dhaifu kuliko zote, na inanishangaza inavyorudiwa na watu wazima. Watu 61 mara shilingi 500 ni 30,500, kwa usiku mmoja, kwenye kibanda kimoja. Nenda kwenye duka la kuwekewa muvi kwenye flashi uone foleni ya Jumamosi. Kila muvi ina bei yake. Hesabu ving'amuzi kwenye mapaa ya Ligula na Chuno, kila kimoja kinalipiwa mwezi kwa mwezi. Hesabu vifurushi vya intaneti wanavyomaliza mabinti wakitazama vipande vya Saiyaara. Watu wanalipa, tena mfululizo. Kisichotokea ni malipo kumfikia mwenye kazi. Hayo ni mashtaka mawili tofauti, na ukiyachanganya unampa mtazamaji kosa la mfanyabiashara.

Sitetei kangomba. Najua inavyoumiza. Mwaka 2018 serikali ilipoamua kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kuingiza jeshi kuisafirisha, uhakiki ulianza kwa swali jepesi: shamba lako liko wapi? Wakajitokeza watu wenye tani za korosho wasio na mkorosho hata mmoja. Duka la flashi liko hivyo hivyo, lina muvi elfu na halijawahi kushika kamera. Mwaka 2017 wasanii wa filamu waliandamana mpaka Kariakoo kulalamikia filamu za nje zinazouzwa kiholela, na uchungu wao niliuelewa, maana bidhaa isiyolipiwa mali ghafi siku zote itashinda kwa bei ile iliyolipiwa. Ila hata siku moja sijasikia mtu akimalizia habari ya kangomba kwa kusema mikoa ya Kusini haizalishi korosho. Tunasema korosho ipo nyingi, njia ndiyo mbovu. Kwa nini kwenye filamu tunasema hakuna watazamaji?

Upande wa pili wapo wanaoitupa namba yote. Wengine wanasema inapikwa, kwamba watayarishaji hununua tiketi zao wenyewe kwa mkupuo ili wiki ya kwanza ionekane imejaa. Malalamiko ya namna hiyo yapo India na yanazungumzwa waziwazi, na yanatosha kumfanya mtu aisome namba ya mtayarishaji kwa tahadhari. Hayatoshi kuifuta, kwa sababu kiti cha kununuliwa hakirudi na rafiki wiki inayofuata, na filamu ya mapenzi hupimwa wiki inayofuata. Wengine wanasema kumbi zimepitwa na wakati, sasa watu wanatazama nyumbani. Hapa kuna ukweli mkubwa zaidi, na unaivunja ile hoja ya uvivu wa wasanii wetu. Ukitaka kujua mapenzi yanauza vipi Tanzania, usiangalie mlango wa ukumbi, angalia saa za jioni sebuleni. Azam imewaingiza Waturuki majumbani kwa Kiswahili, na nyumba nyingi hapa chakula cha jioni kinasubiri mpaka tamthilia iishe. Huba na Jua Kali zimeonyeshwa Maisha Magic Bongo miaka na miaka, sehemu baada ya sehemu, na waigizaji wake wanaitwa kwa majina ya kwenye tamthilia wakipita sokoni. Soko la CD lilipoporomoka, mapenzi yalihamia huko, kwenye malipo ya mwezi, na waandishi na waongozaji wakayafuata. Kumwita mvivu mtu aliyehamia penye mshahara, kwa sababu tu haonekani kwenye orodha ya mapato ya milangoni, ni kumwita mvivu mkulima aliyehamia kwenye ufuta mwaka ambao korosho haikulipa.

Yupo hata aliyejaribu njia ndefu. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ni filamu ya mapenzi moja kwa moja: Yasmin na Denge, Unguja ya miaka ya 1950, ukoloni ukiwa unanusa kila mlango. Ilionyeshwa kwenye tamasha la Toronto Septemba 2021, na baadaye Tanzania ikaipeleka kugombea Oscar. Sifa ilizipata mbali. Nami kila nikiifikiria narudi kwenye wale wasomaji wa Colleen Hoover. Riwaya ya Vuta N'Kuvute imekuwa ikisomwa na wanafunzi wa kidato cha 5 na 6 nchi nzima, shule ya Ndanda huku kwetu ikiwemo. Wameichambua, wamejibia mtihani, wamebishana mabwenini kama Yasmin alikosea au hakukosea. Hao ndio waliokuwa wakiisubiri, sawa kabisa na wanawake wale waliosubiri It Ends With Us wakiwa na kitabu mkononi. Filamu ya Marekani ilipotoka, njia ya kuwafikia wasomaji wake ilikuwepo, na tukaita matokeo yake mafanikio ya kimataifa. Yetu ilipotoka, kijana wa Ndanda ingebidi apande basi kuifuata.

Ukiisoma namba kwa jicho la mnada, mambo kadhaa yanabadilika. La kwanza ni hilo la nje. Nje ya filamu ya Kiswahili haipo Toronto, ingawa Toronto ni heshima. Ipo Mombasa, Bujumbura, Lubumbashi, Moroni. Kiswahili kina wazungumzaji zaidi ya milioni 200 kwa hesabu ya UNESCO, na sehemu kubwa wamekaa nchi zinazopakana. Sisi wa huku tunaliona hili kwa macho, kwa sababu ng'ambo ya Ruvuma kuna Wamakonde kama sisi, wenye shangazi Newala na wajomba Mueda. Vita vya Cabo Delgado tangu 2017 vimeuumiza mpaka huo, na siwezi kuandika kama vile ni soko la kuingia kesho. Lakini filamu ya mapenzi ya Kiswahili ikitafuta watu wake waliokwenda na lugha, kama Wahindi walivyowatafuta wao Dubai, itawakuta kwenye barabara hizi kabla ya kuwakuta kwenye ndege.

La pili ni vibanda vyenyewe. Halmashauri zinavijua. Kinachokosekana ni tiketi yenye namba na mgao wa mwenye kazi. Tuseme vibanda 100 tu katika Mtwara na Lindi vipewe filamu moja ya Kitanzania kihalali, kwa siku tatu, kila kimoja kipate watu 61 kila siku kwa shilingi 500, mapato yagawanywe nusu kwa nusu. Mwenye filamu anapata shilingi 4,575,000. Si pesa ya kujengea ghorofa, na simwahidi mtu ghorofa. Ila leo kwa watu hao hao anapata sifuri, na juu ya sifuri hiyo anatukanwa kuwa filamu yake haina watazamaji Kusini. Nimeambiwa wenye vibanda hawatakubali kutoa nusu. Huenda mwanzoni wakakataa, kama ambavyo wapo waliokataa stakabadhi ghalani na bado wanainung'unikia hadi leo, wakiwa na sababu. Lakini mwenye kibanda naye ana shida zake: anaishi kwa hofu ya kukamatwa, na muvi anayoonyesha ameshaonyesha jirani yake juzi. Ukimpa filamu mpya, ya kwake peke yake mtaani kwa siku tatu, umempa kitu ambacho flashi haiwezi kumpa.

La tatu ni kalenda, na hapa ndipo watu wa Dar es Salaam wanapotukosa kabisa. Saiyaara na It Ends With Us zilitoka Julai na Agosti, kwa sababu zinazowahusu wenyewe huko kwao. Kwetu Julai na Agosti ni miezi ya kupulizia mikorosho. Pesa ya mwaka jana imeisha, salfa inataka nguvu, na mtu anarudi shambani macho yakiwa mekundu. Ukileta tangazo la tiketi mwezi huo ukakosa watu, umepima njaa yetu, hukupima mapenzi yetu. Minada inafunguliwa Oktoba. Novemba malipo yanashuka vijijini, na kuanzia hapo mpaka Januari miji hii inakuwa miji mingine: pikipiki mpya, harusi kila Jumamosi, magodoro yamefungwa juu ya mabasi ya kwenda Masasi. Mtu aliyelipwa ananunua kitenge, anakula wali kuku, na anatafuta pa kumpeleka mchumba wake. Kama kuna wiki moja katika mwaka ambayo filamu ya mapenzi ingepaswa kuzinduliwa Mtwara, ni wiki ya malipo ya kwanza.

Sikubuni hili kwa kukaa mezani. Yule mwenye kibanda wa Magomeni aliniruhusu nifungue daftari lake nyuma. Kurasa za Novemba zimejaa vijiti hadi pembezoni, vingine vimebanwa juu ya mstari mwekundu. Za Julai zina mistari miwili mitatu, na siku nyingine hazina kitu. Hakuna jina la filamu hata moja popote. Nilipomuuliza usiku ule walikuja kuona nini, alifikiri kidogo, akashusha kalamu pembeni ya vijiti vya siku hiyo na kuandika kwa herufi kubwa: KIHINDI, MAPENZI, 61.